Kofia, Ukili na Sahani ya Idi: Sikukuu ya Kiuyu Huanza Rajabu

Kila mwaka ikifika kumi la mwisho la Ramadhani simu za kipindi chetu hubadilika sauti. Hazizungumzii tena mapishi wala saumu. Mtu anauliza bei ya sukari, mwengine anauliza nguo za watoto, na mara nyingi hupiga mama mmoja mwenye kofia mkononi. Ameishona kwa wiki nyingi, sasa anatafuta wa kuinunua leo hii, kwa bei yoyote, maana Idi ni keshokutwa.

Makala haya ni kwa ajili ya mama huyo, na kwa yeyote anayekaa naye nyumba moja. Tunaeleza kazi tatu zinazoifanya sikukuu ya kwetu iwe sikukuu: kazi ya sindano, kazi ya ukili na kazi ya jikoni. Tunaeleza pia kwa nini kazi hizo zikianza mapema Idi humkuta mtu hana deni, na zikichelewa jasho la miezi miwili huondoka kwa bei ya kilo chache za unga.

Kiuyu ipi?

Pemba tunapotaja Kiuyu, mgeni huuliza ipi. Kuna Kiuyu Minungwini, iliyo Wilaya ya Wete, na Kiuyu Mbuyuni, iliyo Wilaya ya Micheweni, upande wa mashariki. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Kaskazini Pemba, lakini ardhi zake hazifanani. Kwenye udongo mzito wa upande wa Wete kuna mikarafuu, migomba na minazi. Upande wa Micheweni kuna mawe mengi. Huko watu hutegemea bahari: samaki, pweza na mwani, pamoja na muhogo na mazao mengine yanayovumilia ukame.

Tofauti hiyo huonekana hata kwenye mifuko. Nyumba yenye mikarafuu hutazama msimu wa karafuu, na nyumba ya pwani hutazama bamvua na mwani. Lakini karafuu hazizai kila mwaka sawa, na mwani bei yake hupanda na kushuka. Kazi ya mkono wa mama, yaani kofia na ukili, ndiyo isiyongojea msimu wala bamvua. Hufanywa barazani, baada ya kutoka shamba au pwani, huku mtoto amelala pembeni.

Kalenda inayosogea

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Idi haikai mahali pamoja. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida. Sikukuu ya kitaifa ya Idi el-Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili mwaka 2024, na mwaka 2025 ikawa tarehe 31 Machi. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Hili linamhusu nini mshonaji au msukaji? Linamhusu sana. Idi ikiangukia Aprili, maandalizi ya mwisho yanaingia ndani ya masika. Ukindu haukauki, kuni zimelowa, njia zina tope na mnunuzi wa mjini haji. Idi ikirudi kwenye kaskazi, jua lipo na ukindu unakauka vizuri, lakini visima vya baadhi ya vijiji hupungua maji. Kwa hiyo usiseme "nitaanza wakati ule ule wa mwaka jana." Hesabu kwa miezi ya Kiislamu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, kisha Mfungo Mosi ndiyo Idi. Hiyo ni miezi mitatu kamili ya kujiandaa.

Kumbuka pia kwamba baada ya Idi ndogo huja Idi kubwa, tarehe 10 ya Mfungo Tatu, siku kama 70 baadaye. Halafu Maulidi ya Mtume, tarehe 12 ya Mfungo Sita. Anayeandaa vizuri huandaa kwa zote.

Kofia ya mkono

Kofia zetu hushonwa kwa kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mshonaji huchora maua kwa penseli, kisha hupita na uzi juu ya mchoro. Palipo na vitobo, hutoboa kwa sindano na kuzungushia uzi pembezoni mwa kila kitobo mpaka kikae imara. Vitobo hivyo si pambo tu, hupitisha hewa kichwani. Vipande vikikamilika huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa uwanga na kupigwa pasi isimame.

Kofia nyepesi yenye maua machache huweza kumalizika kwa wiki chache. Kofia iliyojaa maua huchukua miezi, kwa sababu hakuna anayeshona kutwa nzima. Mtu hupata saa moja asubuhi, saa moja jioni, na siku nyengine hapati kabisa.

Mavazi haya yana historia ndefu. Wanaume wa Oman nao huvaa kofia ya kushonwa kwa mkono wanayoiita kumma, na inafanana sana na ya kwetu. Mafungamano hayo ni ya zamani. Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na watu, nguo na desturi zikawa zinakwenda na kurudi kwa majahazi. Mpaka leo familia nyingi za Pemba zina jamaa Maskati, na kofia nzuri ni zawadi inayokwenda kwa mkono wa msafiri.

Mshindani mkubwa sasa ni kofia ya mashine. Ni rahisi, imejaa madukani, na kijana anayetaka kofia ya siku moja ataichukua hiyo. Tusishindane nayo kwa bei, hatutaiweza. Kofia ya mkono humtaka mnunuzi anayeijua: bwana harusi, sheikh, mzee anayependa kujistahi, jamaa aliye ng'ambo. Mnunuzi huyo hutafutwa mapema. Hapatikani usiku wa kuamkia Idi.

Na kwa wale wanaofuma vitambaa vya meza na vya makochi kwa uzi na kulabu, hesabu ni hiyo hiyo. Wiki ya mwisho kila mtu anatandika nyumba yake, hana nafasi ya kununua. Vitambaa hutafutwa Shaabani, watu wanaposafisha nyumba na kupaka chokaa.

Ukili, mkeka na kawa

Ukili huanza na mkindu. Hukatwa kuti changa lililo katikati, ambalo bado halijafunguka. Akataye vizuri huchukua moja na kuuacha mti uendelee. Akataye vibaya huchukua yote na kuua kisiki, na mwakani atakwenda mbali zaidi. Baada ya kukatwa, ukindu huchanwa na kuanikwa juani siku kadhaa mpaka uwe mweupe. Wa kutiwa rangi huchemshwa na rangi, kisha huanikwa tena, safari hii kivulini ili rangi isififie.

Msukaji husuka ukanda mrefu, ndio ukili wenyewe. Kipimo chake ni pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili ukitosha huungwa ukingo kwa ukingo, ukatoka mkeka wa kulalia, msala wa kusalia, kitanga, mkoba, kipepeo au kawa ya kufunikia chakula.

Ramadhani vitu hivi huhitajika kuliko wakati mwengine wowote. Misikiti hutandikwa, nyumba hutandikwa, watu hufuturu chini kwa pamoja, na sahani zinazopelekwa kwa jirani hufunikwa kawa. Kawa ina faida ambayo mfuniko wa plastiki hauna. Inazuia inzi na bado inapitisha mvuke, hivyo maandazi hayatoi maji.

Angalizo moja la msimu: ukindu uliosukwa kabla haujakauka sawasawa huingia ukungu ndani ya wiki chache, na mkeka ukawa na madoa meusi. Kama Idi inaangukia masika, ukindu wote ukatwe na ukauke kabla ya mvua kuanza, uhifadhiwe juu ya dari palipo na moshi au hewa. Kusuka kunaweza kuendelea hata mvua ikinyesha. Kukausha hakuwezekani.

Hesabu ya jasho

Hapa ndipo penye jambo letu kubwa. Akina mama wengi hupanga bei ya kofia kwa kuangalia shida waliyonayo siku ile. Tuangalie mfano. Si bei ya soko, ni hesabu ya kujifunzia tu.

Tuseme mama ameshona kofia kwa wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 2 kwa siku. Hizo ni saa 80. Kitambaa, nyuzi, sindano na nauli vimemgharimu shilingi 8,000.

Akiiuza kwa shilingi 40,000, akitoa gharama anabaki na 32,000. Gawanya kwa saa 80, kila saa imemlipa shilingi 400.

Akiiuza kwa haraka wiki ya mwisho kwa shilingi 20,000, anabaki na 12,000. Gawanya kwa saa 80, kila saa imemlipa shilingi 150.

Kofia ni ile ile, jicho ni lile lile lililoumia kwa koroboi. Kilichobadilika ni siku ya kuuza. Mnunuzi anayepita vijijini kumi la mwisho anajua kwamba kila nyumba inahitaji fedha, na hana sababu ya kuongeza.

Kwa hiyo fanya mambo manne. Moja, andika gharama zako kwenye daftari tangu sindano ya kwanza. Kama kuandika ni tabu, mpe mtoto wa skuli akuandikie. Mbili, piga picha kofia kwa simu mchana, juani, juu ya kitambaa cheusi au cha kijani, na uitume kwa jamaa wa Wete, Chake Chake, Unguja au Maskati kabla ya Ramadhani. Tatu, washonaji wa mtaa mmoja wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeishuka. Nne, kama upo kwenye upatu au kikundi cha hisa, ombeni zamu au mgao uwe mwishoni mwa Shaabani. Mwenye fedha ya sukari mkononi hashurutishwi kuuza kofia.

Na jambo la tano ni la wanaume wa nyumba. Mara nyingi fedha ya kofia ndiyo inayonunua nguo za watoto, lakini haitajwi popote. Ikae kwenye hesabu ya nyumba kama inavyokaa fedha ya samaki.

Jiko la Ramadhani

Futari ya Pemba haihitaji vitu vya dukani vingi. Muhogo, majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu na ndizi mbichi vyote hupikwa kwa nazi, na kunde au mbaazi pia. Pembeni kuna uji wa pilipili manga, tende, kachori au vitumbua, na mchuzi wa samaki au pweza kwa walio pwani. Tambi za sukari na vipopoo hupikwa siku ya kujifurahisha.

Njia ya kupunguza gharama ni kujua kipi kinapanda bei. Sukari, unga wa ngano, mafuta na mchele wa dukani hupanda watu wakivinunua kwa wingi. Muhogo na majimbi viko shambani. Aliyepanda muhogo mwaka uliotangulia, ukawahi kukomaa kwa Ramadhani, ameshalipa nusu ya futari yake.

Tahadhari mbili. Tui la nazi haliwekwi mpaka kesho bila barafu, huchacha, na chakula cha nazi kilicholala huumiza matumbo ya watoto. Pika kinacholika, na kilichobaki kipelekwe kwa jirani usiku ule ule. Pili, siku za mvua usiingize jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa makaa usioonekana huua mtu usingizini. Fungua mlango na dirisha, au okea ukumbini.

Mkate wa kumimina wa Idi

Asubuhi ya Idi nyumba nyingi hunywa chai kwa mkate huu. Mahitaji ni:

- Mchele vikombe 2
- Tui zito la nazi kikombe 1 na nusu
- Hamira kijiko 1 cha chai
- Sukari robo tatu ya kikombe
- Ute wa yai 1
- Iliki iliyopondwa, kiasi

Osha mchele na uuroweke usiku kucha. Uchuje, usage pamoja na tui, hamira na iliki mpaka uwe laini kabisa. Kama huna mashine ya kusagia, twanga mchele mbichi kwenye kinu, uchunge, kisha uchanganye na tui. Funika na uache uumuke. Ukiumuka, tia sukari na ute wa yai uliopigwa, koroga taratibu.

Pasha sufuria au kikaango kizito, paka samli au mafuta chini na pembeni, mimina mchanganyiko. Anza na moto mdogo chini. Ukianza kushika na kutoa matundu juu, funika kwa bati au mfuniko, palia makaa juu na upunguze ya chini. Ukiwa na rangi ya hudhurungi, chomeka njiti katikati. Ikitoka kavu, mkate umeiva. Moto wa chini ukizidi, utaungua kabla ya kupanda. Hilo ndilo kosa la wengi.

Vileja vya unga wa mchele, kwa upande mwengine, hukaa siku nyingi ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Hivyo vipikwe kumi la mwisho likianza, visibanane na kazi za usiku wa Idi.

Siku yenyewe

Kabla ya sala ya Idi kuna zaka ya fitri. Kipimo chake ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, ambayo ni vibaba vinne, karibu na kilo mbili na nusu hadi tatu. Hutolewa mapema ili na masikini apike siku ile. Weka mchele huo pembeni tangu Shaabani. Mtu mwenye watu wanane anahitaji pishi nane, na hapo ndipo wengi hubabaika.

Baada ya sala ni kupeana mikono, kuwatembelea wazee na kwenda kuwapa pole waliofiwa, hasa nyumba inayokula Idi ya kwanza bila mtu wao. Sahani za pilau hupita nyumba kwa nyumba zimefunikwa kawa. Kwa desturi, sahani hairudi tupu. Hata kama ni vileja viwili au ndizi moja, kitu hurudi nayo.

Watoto hupita kwa jamaa kudai sikukuu zao, yaani vijisenti vya Idi. Kwa Zanzibar furaha yao huendelea siku nne, na viwanja vya watoto kama Tibirinzi pale Chake Chake hujaa jioni. Wazazi wa Kiuyu wanaowapeleka watoto mjini wakubaliane mapema na dereva kuhusu kurudi, na mtoto mdogo awekewe namba ya simu ya mzazi kwenye mfuko wa nguo.

Ratiba kwa ufupi

*Rajabu:* kata na ukaushe ukindu. Anza kofia kubwa, au malizia iliyoanzwa. Fungua daftari.

*Shaabani:* kofia ifuliwe, itiwe uwanga, ipigwe picha na itumwe. Uza mikeka na makawa. Pokea mgao wa kikundi. Nunua sukari, unga na nguo za watoto kidogo kidogo. Tenga mchele wa fitri.

*Kumi la mwanzo na la kati:* futari ya shambani, kazi nyepesi ya sindano mchana, ibada usiku. Kofia iliyobaki usiishushe bei.

*Kumi la mwisho:* pika vileja, safisha nyumba. Toa fitri. Kofia ambayo haijauzwa iweke kwenye kopo kavu. Idi kubwa iko siku 70 mbele, na harusi nyingi hufungwa baada ya Ramadhani.

Hilo la mwisho tungependa likumbukwe kuliko yote. Kofia haiozi. Nazi huoza, samaki huoza, lakini kofia iliyoshonwa vizuri na kutunzwa vizuri humngoja mnunuzi wake. Anayekwambia "iuze leo, kesho haina thamani" anazungumzia shida yako, haizungumzii kofia.

Ukiwa na mkono mzuri wa kushona au kusuka na una binti au mkwe nyumbani, mkalishe pembeni yako Rajabu hii umfundishe. Na kama una swali, tupigie wakati wa kipindi, tutalisoma hewani. Idi njema itakapofika, na Mungu atukutanishe nayo sote tukiwa wazima.